Kuwafundisha wajukuu kushona likizo hii: waanze na mkono au cherehani?

Bibi wa Tororo

Hamjambo wenzangu. Likizo ya Desemba wajukuu watatu watakuwa kwangu mpaka shule zifunguliwe Februari: msichana wa miaka 10, mvulana wa miaka 7, na kitinda mimba wa miaka 5. Wote wanataka kujifunza kushona. Ninayo cherehani nyeusi ya chuma, ya kukanyaga, na ni nzima. Vitambaa vilivyopo ni mabaki ya kitenge, shuka mbili za pamba zilizochakaa, kipande cha satini na magunia mawili ya kahawa.

Naomba mnieleze: kila mmoja aanze na nini kwa umri wake? Sindano gani, uzi gani? Mkubwa akalie cherehani baada ya kujua nini? Huyo mvulana anatumia mkono wa kushoto, mimi wa kulia, na sijui nikae naye vipi. Nataka pia kujua mahali mambo yanapoharibika, nijiandae mapema. Shule zikifunguliwa, kila mmoja awe na kitu alichokishona mwenyewe na kinachotumika.

Mwalimu wa Ufundi, Mbale

Shikamoo bibi. Waanze wote watatu kwa mkono, hata huyo wa miaka 10, ingawa yeye hatakaa huko muda mrefu. Anayeshona kwa mkono anauona kila mshono ukitokea: sindano imeingia wapi, imetoka wapi, uzi umekazwa kiasi gani. Cherehani inapiga mishono kumi kabla mtoto hajaona kwamba wa kwanza umekwenda upande.

Satini irudishe sandukuni. Inateleza, inafumuka kingo, na tundu la sindano likishaingia halifutiki. Mtoto atashindwa kwa sababu ya kitambaa, kisha ataamini mikono yake ndiyo mibovu. Machozi mengi katika kufundisha kushona hutokana na vifaa: uzi mrefu mno, sindano yenye tundu dogo mno, mkasi butu. Ukimwona mtoto anakasirika, kagua kwanza alichoshika.

Wa miaka 5 apewe kadibodi. Kata kipande cha boksi cha sentimita 15 kwa 15, chora umbo analolipenda, embe au nyumba, kisha wewe mwenyewe utoboe matundu kwa msumari kufuata mchoro, kila tundu sentimita 1 kutoka jingine. Badala ya sindano mpe kamba ya kiatu, au uzi wa sufu uliochovywa ncha yake kwenye nta ya mshumaa ikakauka ikawa ngumu. Kosa la umri huu ni moja: uzi ukitokea chini, anauzungusha nje ya ukingo wa kadi ili aingie tena kwa juu. Kumwambia "hapana" hakusaidii. Shikeni kadi wima katikati yenu, yeye upande mmoja, wewe upande wa pili. Anakupitishia uzi, nawe unamrudishia kupitia tundu linalofuata. Baada ya mstari mmoja anaelewa kuwa uzi unapita ndani ya kitu na hauzunguki pembeni yake.

Akimaliza kadi mbili tatu, mpe gunia la kahawa, lile la juti. Gunia la plastiki la sukari halifai, linachanika vipande vipande. Lifue, lianike, kata sentimita 20 kwa 20, na kingo uzikunje na kuzipiga bandi (mshono mrahisi wa sindano kuingia na kutoka) mapema, la sivyo litafumuka mikononi mwake kabla hajafika katikati. Hapo anatumia sindano ya sufu, nene, ncha butu, tundu kubwa.

Wa miaka 7 na wa miaka 10 washone kwenye shuka ya pamba. Sindano iwe ya kudarizia, kwa kuwa tundu lake ni refu na uzi unaingia bila vita. Uzi wa kudarizi una nyuzi ndogo 6 zilizosokotwa pamoja. Tenganisha utumie 3. Rangi iwe mbali na rangi ya kitambaa ili makosa yaonekane. Na tafadhali angalia urefu wa uzi: kwa mtoto, kutoka ncha za vidole hadi kupita kiwiko kidogo, kama sentimita 40. Ukizidi hapo, kila akivuta mkono haufiki mwisho wa uzi, uzi unalegea, unajisokota na kufunga fundo. Uburute mara mbili juu ya nta ya nyuki au mshumaa. Ncha iliyotoka kwanza kwenye kijiti cha uzi ndiyo iingie kwenye sindano, na fundo lipigwe upande ulioukata. Hivyo uzi unapita kitambaani kwa kufuata msokoto wake na haufumuki haraka.

Utaratibu wa mishono:

Kwanza bandi. Chora mstari kwa rula na penseli, weka vidoti kila nusu sentimita. Sindano inaingia kwenye kidoti, inatoka kwenye kinachofuata. Kitambaa kikianza kujikunja kama kimevutwa na kamba, mtoto anakaza kupita kiasi. Dawa yake: baada ya kila mishono mitano akilaze kitambaa mezani na kukipapasa kwa kidole gumba kutoka mwanzo wa mstari hadi mwisho. Mikunjo itapotea, naye atajua kiasi cha kuvuta.

Pili, mshono wa kurudi nyuma, kwa vidoti vilevile. Sindano inatokea kidoti cha pili, inarudi kuingia cha kwanza, inapita chini na kutokea cha tatu, inarudi cha pili. Kwa juu mstari haukatiki, kwa chini nyuzi zinapandana. Huu ndio unaobeba mzigo. Bandi peke yake haitoshi kushona mfuko. Watoto husahau kurudi na kuendelea na bandi bila kujua. Mwambie aseme kwa sauti "mbele, nyuma" mpaka mkono uzoee.

Tatu, kifungo. Uzi wa kawaida, mara mbili, kifungo kikubwa cha matundu mawili. Weka kijiti cha kiberiti juu ya kifungo, kati ya matundu, uzi upite juu yake mara nne. Toa kijiti, vuta kifungo juu, zungusha uzi mara tatu chini yake kabla ya kufunga. Bila kijiti, kifungo kinabanwa kwenye kitambaa na hakitaingia kwenye tundu lake.

Dakika 15 zinamtosha mdogo, 25 wa kati. Sindano zihesabiwe kabla na baada, kila mtoto moja, na ikae imechomekwa kwenye kipande cha kitambaa kila mkono ukipumzika. Si kwenye nguo aliyovaa, wala si mdomoni.

Fundi Cherehani, Jinja

Heshima yako bibi. Mwalimu ameeleza vizuri, ila huyo wa miaka 10 nisingemweka kwenye mkono zaidi ya wiki moja. Akishajua mshono wa kurudi nyuma na kifungo, akalie cherehani. Kumzuia zaidi ni kumchosha.

Cherehani ya kukanyaga ina ugumu mmoja mkubwa unaowashinda wanaoanza: gurudumu likirudi nyuma, uzi unajifunga ndani na kukatika. Kwa hiyo siku ya kwanza hakuna uzi, hakuna kitambaa, hata sindano haitembei. Legeza lile duara lililo katikati ya gurudumu la mkono, ndilo unalolegeza ukijaza bobini, yaani kile kigurudumu cha uzi wa chini: shika gurudumu kwa mkono wa kushoto, zungusha duara kuelekea kwako. Sasa akikanyaga, gurudumu linazunguka peke yake. Inua mguu wa kubana kitambaa ili usikae juu ya meno yanayosogeza kitambaa. Miguu yote miwili iwe kwenye kikanyagio, mmoja mbele kidogo ya mwingine. Kisigino cha mmoja kikishuka, vidole vya mwingine vinapanda. Kuanza ni kwa mkono wa kulia: anavuta gurudumu kuelekea kwake, miguu inafuata. Kusimama pia ni kwa kiganja juu ya gurudumu. Afanye hivyo mpaka aweze kuanza, kwenda polepole na kusimama ukimwambia, mara kumi mfululizo bila gurudumu kurudi nyuma. Hiyo ndiyo ruhusa ya kuendelea.

Hatua ya pili ni karatasi ya daftari yenye mistari. Kaza duara, weka sindano ya zamani uliyotaka kuitupa, maana karatasi hufanya ncha kuwa butu, na usitie uzi. Afuate mistari. Macho yatazame ukingo wa mguu wa kubana, yasitazame sindano. Anayetazama sindano hupinda. Kisha chora pembe: sindano ikiwa chini ndani ya karatasi, anainua mguu wa kubana, anageuza karatasi, anashusha mguu, anaendelea. Akigeuza sindano ikiwa juu, mstari unaruka. Mwisho chora konokono, ajifunze mviringo.

Hatua ya tatu, uzi na shuka iliyokunjwa mara mbili. Weka sindano mpya namba 14 (yaani 90), inafaa shuka na kitenge. Namba 16 iache kwa jinzi. Isukume mpaka juu kabisa kabla ya kukaza skrubu. Upande wake uliobapa huangalia kule uzi unakotokea, na mfereji mrefu huangalia kule uzi unakoingilia. Ikiwekwa kinyume, cherehani itaruka mishono au haitashona kabisa. Urefu wa mshono uwe kama milimita 3: mfupi zaidi ya hapo hauwezi kufumuliwa na mtoto bila kutoboa kitambaa.

Matatizo utakayoyaona:

Nyuzi zimejaa fundo chini ya kitambaa. Watu wengi hukimbilia bobini, lakini mara nyingi kosa liko juu. Uzi wa juu haukuingia kati ya vile visahani viwili vinavyoubana, au mtoto amesahau kushusha mguu wa kubana. Tunga uzi mguu ukiwa juu, kwa sababu hapo visahani vimeachana; kisha shusha. Na mwanzo wa kila mstari ashike ncha zote mbili za uzi nyuma ya mguu, kama sentimita 10, kwa mishono mitatu ya kwanza.

Sindano inavunjika. Mtoto anavuta kitambaa. Meno ya chini ndiyo yanayokisogeza, mikono inaelekeza tu. Akivuta, sindano inapinda na kugonga bati lililo chini yake. Vipande vyote vya sindano vitafutwe mpaka vipatikane. Sumaku ya spika ya redio iliyokufa inasaidia sana.

Uzi wa chini unalegea au unakaza mno. Toa kikombe kinachobeba bobini, kining'inize kwa uzi wake na kukitikisa kidogo. Kishuke sentimita chache na kusimama. Kikianguka hadi chini, skrubu yake ndogo imelegea. Kisiposhuka kabisa, imekazwa mno. Zungusha robo mzunguko tu kwa wakati mmoja.

Kikanyagio kinakwenda lakini gurudumu linateleza: mkanda wa ngozi umetanuka. Kata sentimita 1, toboa upya, rudisha ndoano yake.

Mafuta ni yale ya cherehani, tone moja kila tundu. Mafuta ya kupikia yanaganda na kuwa gundi ndani ya mashine. Ukimaliza somo, ondoa mkanda kwenye gurudumu. Mtoto mdogo akikanyaga usipokuwepo, sindano haitatembea.

Kijana wa Kasese

Nauliza tu: kwa cherehani ya umeme yenye kikanyagio kidogo, hatua ni hizohizo?

Fundi Cherehani, Jinja

Karibu zote. Ila gurudumu la ya umeme halijirudii nyuma, shida yake ni mbio. Weka kipande cha sponji au kitambaa kilichokunjwa chini ya bawaba ya kikanyagio, kisishuke mpaka mwisho. Somo la kwanza liwe kusimama kwenye alama, si kwenda.

Mshona Mashuka, Bombo

Bibi, niseme kuhusu huyo wa mkono wa kushoto, na pia kuhusu gunia, ambalo sikubaliani nalo sana.

Usimbadilishe mkono. Najua wazee wengi huku kwetu hawapendi mkono wa kushoto, lakini sindano haijali. Kwa mtoto wa mkono wa kulia unakaa ubavuni mwake, mkitazama upande mmoja, anaiga. Kwa wa kushoto kaeni uso kwa uso, magoti karibu kugusana. Wewe ukishona kutoka kulia kwenda kushoto, yeye anakuona kama kwenye kioo, na akikufuata atakwenda kushoto kuelekea kulia, ndivyo inavyotakiwa. Mshono wa kurudi nyuma unageuka vilevile. Ukimkalisha ubavuni utamlazimu kugeuza kila kitu kichwani mwake, na hapo ndipo anaonekana mzito kumbe si mzito.

Mkasi ni shida ya kweli. Mkasi wa kawaida ukishikwa kwa kushoto, vidole vinasukuma makali yaachane badala ya kugusana, kitambaa kinatafunwa. Kama hupati mkasi wa kushoto, akate kidogo ukingoni kisha achane kwa mikono. Pamba isiyo na mchanganyiko inachanika kufuata uzi wake, na mstari unakuwa mnyoofu kuliko wa mkasi.

Gunia sasa. Nyuzi zake zinahama. Mtoto anapiga mshono hapa, akivuta uzi mshono unasogea pale, naye hajui kwa nini. Tena linatoa vumbi na lina harufu ya mafuta hata baada ya kufuliwa. Mimi huwapa amerikani kwenye fremu ya duara ya kudarizi, upana wa sentimita 15. Duara la ndani lizungushiwe utepe wa kitambaa ili lisiteleze. Kitambaa kikazwe mpaka ukigonga kwa kucha kisikike. Kwenye fremu mtoto hashoni kwa kuteka sindano mbele. Anashusha sindano wima, anavuta kwa chini, anapandisha wima. Ni mwendo wa hatua mbili, unafanana na ule wa kadi ya Mwalimu, kwa hiyo hatajifunza upya.

Akishaweza bandi kwenye fremu, mpe mshono wa mnyororo. Uzi unatokea, unalaza kitanzi kwa kidole gumba, sindano inarudi kwenye tundu lilelile na kutokea mbele ndani ya kitanzi. Asikaze: kitanzi kikikazwa kinageuka mstari mwembamba. Herufi ya kwanza ya jina lake kwenye kona ya kitambaa cha mkono ni kazi nzuri ya kwanza. Chora herufi kwa penseli, urefu wa sentimita 4, kwenye amerikani yenyewe, na uepuke herufi zenye duara mwanzoni.

Mwalimu wa Ufundi, Mbale

Nakubali kuhusu harufu. Kuhama kwa nyuzi kunazuilika ukipaka gundi ya wanga iliyopikwa nyepesi upande mmoja wa gunia na kulianika. Lakini kama amerikani ipo, basi fuata ushauri wa Bombo.

Bibi wa Tororo

Ahsanteni sana, mmeniondolea wasiwasi mwingi. Nimebaki na mawili. Huyo mkubwa akikaa kitini, viwiko viko sawa na meza lakini miguu inagusa kikanyagio kwa ncha za vidole tu. Nishushe kiti? Na la pili: kitu cha kushona kwa kitenge kinachowafaa wote watatu, chenye vipimo. Nina kipande cha upana kamili, urefu kama mita moja.

Fundi Cherehani, Jinja

Kiti usikishushe. Viwiko vikiwa chini ya meza anabeba mabega, atachoka na kuanza kuegemea kitambaa, nacho kitapinda. Pandisha kikanyagio: kata ubao wenye unene wa sentimita 5 hadi 8 unaolingana na kikanyagio, ufunge kwa kamba pande nne mpaka usitikisike hata kidogo. Hakikisha kikanyagio bado kinashuka hadi mwisho bila ubao kugusa sakafu au miguu ya meza. Nyayo nzima zilale juu ya ubao. Kama bado hazifiki, asikanyage mwaka huu. Atumie gurudumu la mkono: kulia anazungusha kuelekea kwake, kushoto anaelekeza kitambaa. Inakwenda polepole, na kwa mfuko mdogo inatosha kabisa.

Weka pia utepe wa rangi kwenye bati, sentimita 3 mbele ya sindano. Vidole havivuki hapo.

Jaja wa Mukono

Bibi mwenzangu, mita moja ya kitenge inakupa mifuko mitatu ya kamba, kila mjukuu wake. Upana wa kitenge ni kama sentimita 115. Lakini kwanza kifue kwa maji ya moto na sabuni, uanike, upige pasi. Kitenge kipya kina ugumu wa kiwandani na kitarudi kidogo kikifuliwa. Ukishona kabla ya kufua, mfuko utapinda baada ya kufuliwa mara ya kwanza.

Chana urefu wa sentimita 88. Kisha gawa upana vipande vitatu vya sentimita 34. Sentimita 13 zinazobaki ni za kamba. Kabla ya kuchana, tazama maua. Mara nyingine yamechapwa upande kidogo, hayafuati uzi wa kitambaa. Ukichana, mstari unafuata uzi na maua yanaonekana kulala. Hapo ni heri kukata kwa mkasi kufuata maua, kwa sababu macho yatatazama maua. Na kama kuna ndege au watu wenye kichwa juu, ukikunja kipande kimoja upande wa nyuma watakaa kichwa chini. Kata viwili vya sentimita 34 kwa 46 na uvishone chini; hapo chana urefu wa sentimita 92 badala ya 88, na mita moja bado inatosha mifuko yote mitatu.

Kushona:

Kunja kipande katikati, sura kwa sura (upande mzuri uwe ndani), kimo kinakuwa 44. Pini ziwekwe zikikingama na mstari wa kushona, kila sentimita 5, zitolewe kabla mguu wa cherehani haujazifikia. Chora mstari sentimita 1.5 kutoka ukingoni, pande zote mbili, na weka alama sentimita 8 kutoka juu. Ushone kutoka chini hadi kwenye alama hiyo, usipite. Mwanzoni na mwishoni arudie mishono mitatu. Kama cherehani yako hairudi nyuma, ageuze kitambaa sindano ikiwa chini.

Zile sentimita 8 zisizoshonwa, kingo zake zilazwe kwa ndani sentimita 1.5 na kupigwa mshono mmoja kila upande. Hapa ndipo mifuko mingi ya watoto huharibika: wanashona pembeni mpaka juu, halafu hakuna mlango wa kamba. Kisha juu kunja sentimita 1, piga pasi, kunja tena sentimita 3, piga pasi, shona karibu na ukingo wa chini wa kunjo. Pasi ni kazi yako bibi, si yao.

Kamba mbili kwa kila mfuko, kila moja sentimita 85. Chomeka pini kubwa ya mtoto mchanga kwenye ncha, ipite mfereji wa mbele na kurudi kwa wa nyuma, ncha zote zitokee upande mmoja. Ya pili ianzie upande wa pili. Zikivutwa kwa pamoja mfuko unafunga. Kwa kamba za kitenge, kile kipande cha sentimita 13 kinatoa mbili tu za upana wa sentimita 6, ukikunja mara nne. Nyingine nunua dukani, za pamba, kwa mita. Za nailoni zinateleza na fundo halikai.

Mfuko uliokamilika ni kama 31 kwa 40, unabeba madaftari na sahani ya shule. Wa miaka 10 ashone pembeni kwa cherehani. Wa miaka 7 ashone wake kwa mshono wa kurudi nyuma, na kingo za ndani za mifuko yote mitatu azizungushie uzi kwa mkono, kila nusu sentimita, maana cherehani nyeusi haina mshono wa kupinda wa kuzuia kufumuka. Wa miaka 5 apitishe kamba. Kwake ni kazi kubwa, na bila yeye mifuko haifungi.

Jambo jingine dogo. Ukiweza kupata kipande cha lubugo, mpe wa miaka 5. Kitambaa hicho cha gome la mti wa mutuba kimegongwa, hakikufumwa, kwa hiyo hakina mtande wala mshindo (nyuzi za urefu na za upana), na kingo hazifumuki. Kalamu au kisu cha kuchezea kinakaa vizuri kwenye ala ndogo ya lubugo iliyopigwa bandi. Mishono iachane, sentimita 1. Ikikaribiana sana inatoboa mstari na lubugo linachanika hapohapo kama stempu.

Bibi wa Tororo

Ubao wa kikanyagio nitamwambia seremala. Kabla sijafunga, je, sare za shule? Sketi ya huyo mkubwa inahitaji kuongezwa urefu kabla ya Februari. Anaweza kuifanya mwenyewe?

Mwalimu wa Ufundi, Mbale

Anaweza, kwa mkono. Fumua pindo la zamani: akate uzi kila mshono wa nne upande mmoja, kisha avute uzi wa upande wa pili, utatoka mzima. Asivute vitambaa viwili kuviachanisha, ndivyo vinavyochanika. Mstari wa pindo la zamani utaonekana. Kitambaa chenye maji na siki kidogo juu yake, kisha pasi, huufifisha, ila pale rangi ilipopauka hautatoka.

Avae sketi, asimame wima na viatu vya shule. Wewe upime kutoka sakafuni kwenda juu, si kutoka kiunoni kwenda chini, kwa sababu kiuno hakikai sawa pande zote. Weka pini kila sentimita 10. Bakiza pindo la sentimita 5 hivi kwa ajili ya kukua kwake mwakani. Kunja sentimita 1 kwanza, piga bandi, kisha ashone pindo: sindano iteke uzi mmoja au miwili tu ya kitambaa cha nje, iingie kwenye kunjo na kutembea ndani yake sentimita 1, itoke, iteke tena. Uzi uwe wa rangi ya sketi na usivutwe. Ukivutwa, vidoti vinaonekana kwa nje. Kila robo ya mzunguko afunge fundo, ili uzi ukikatika uwanjani lifumuke robo tu.